"Balikupokea muzuri?": namna tunavyowauliza wamama waliojifungua

Baada ya kipindi chetu cha afya cha wiki iliyopita, ujumbe mmoja uliingia kwenye simu ya studio kutoka Cimpunda. Mgeni wetu siku hiyo, mtu wa afya, alikuwa amesema kwamba wamama wengi wanaojifungua katika vituo vya Bukavu wanaridhika na huduma. Mama huyo aliandika hivi, nami naacha Kiswahili chake kama kilivyo: "Mulisema bamama banafurahia maternite. Ni bamama gani? Miye hakuna mutu aliniuliza."

Ujumbe huo nimezunguka nao wiki nzima. Mama hakutukana mtu, hakulalamika. Aliuliza swali ambalo mwandishi habari yeyote angepaswa kuuliza: nani aliulizwa? Aliulizwa wapi, na nani, akiwa ameshika nini mkononi, mtoto au fakture? Nilimpigia mgeni wetu simu. Aliniambia kwa upole kwamba karatasi zipo, wamama walijaza. Sina shaka kwamba walijaza.

Niseme kwanza jambo ambalo wasikilizaji wanalijua: mimi ni mwanaume. Nina miaka thelathini na kitu, watoto wawili, na mambo ya maternite nimeyaona kutoka kwenye benchi la nje. Wamama wa Nyamugo hunicheka nikifika na kinasa sauti kuuliza habari za uchungu. "Weye unajua nini?" Wana haki ya kucheka.

Lakini swali hili linatuhusu wote, na sababu ni rahisi. Katika nchi yetu wamama wengi wanafika kituoni. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013-2014 ulikuta kwamba watoto 8 kati ya 10 walizaliwa katika kituo cha afya. Uchunguzi huohuo ulihesabu vifo 846 vya wamama kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Weka namba hizo mbili pamoja. Mama anafika mlangoni, na bado tunazika. Kwa hiyo kinachotokea ndani ya mlango ni jambo la kufa na kupona, na anayejua zaidi kilichotokea ndani ni mama mwenyewe. Akitoka amefedheheka, mimba inayofuata atazalia kwa jirani. Au atajifungua kituoni na asirudi tena kupimwa, wakati damu na homa za baada ya kuzaa ndizo zinazoua wengi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2022, linataka mama abaki kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua salama, kisha aonwe tena mara tatu: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Mama aliyepigiwa kelele siku ya kwanza, nani atamrudisha siku ya saba?

Hapa Kivu Kusini kuwauliza wagonjwa si jambo jipya, na watu wengi wamesahau hilo. Katikati ya miaka ya 2000 shirika la Cordaid la Uholanzi lilileta katika baadhi ya zoni za afya za jimbo letu utaratibu wa kulipa kituo kufuatana na kazi kiliyofanya, ule ambao waganga wanauita PBF. Kila mama aliyezalishwa anahesabiwa, kila mtoto aliyechanjwa anahesabiwa, na pesa zinafuata hesabu. Baadaye Benki ya Dunia ikaendeleza mambo ya aina hiyo katika majimbo mengi kupitia mradi wa PDSS. Sasa, pesa zikifuata hesabu, lazima pawe na mtu wa kuhakikisha kwamba hesabu si ya uongo. Ndiyo maana vikundi vya wenyeji vilipewa kazi ya kuchukua majina katika rejista ya kituo na kuwatafuta watu nyumbani. Je, mtu huyu yupo? Alizalia kweli pale, tarehe ile? Alilipa ngapi? Alifurahia?

Miaka kadhaa iliyopita nilifuatana na mmoja wa watafutaji hao katika komini ya Kadutu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyefanya kazi hiyo mchana baada ya vipindi, kwa pesa kidogo. Wanaojua Kadutu wanajua kazi yenyewe: unapanda, unateremka, unavuka mfereji juu ya ubao, unapanda tena. Anwani katika fishi zilikuwa za namna hii: nyuma ya kanisa, nyumba ya mabati, uliza mama wa mapacha. Kwa saa nne tuliwapata wamama watano.

Wa tatu ndiye ambaye sikumsahau. Tulimkuta uani akifua nepi katika beseni. Mama mkwe wake alikuwa amekaa kando akichambua maharagi, na bwana alikuwa mlangoni, hakuondoka. Mwalimu alisoma fishi. Fishi ilikuwa ya Kifaransa. Swali lilitoka kinywani mwake kwa Kiswahili: "Mama, balikupokea muzuri?" Mama akamgeukia mama mkwe, wakasemezana kwa Mashi, kisha akajibu kwa Kiswahili: "Ndiyo, muzuri." Mwalimu akaandika kwa Kifaransa kwamba ameridhika sana. Maneno yale yalipita lugha tatu katika nusu dakika, nami nilijiuliza ni nini kilichobaki njiani.

Nikamwomba ruhusa nimuulize la ziada. Nikasema, mama, unaposema muzuri, unasema nini? Aliniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto. "Sikukufa, mutoto hakukufa. Munataka niseme nini ingine?"

Tulipokuwa tunaaga, mama mkwe akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye maharagi: "Na usiku ule alilala kwa sima?" Vitanda vilikuwa vimejaa. Binti alijifungua saa tano za usiku na alilala sakafuni, juu ya kitenge, hadi asubuhi. Mwalimu alikuwa amekwisha kufunga fishi yake. Hata kama angeifungua, hakukuwa na nafasi ya kuandika jambo la sima.

Simlaumu mwalimu. Alifanya alichotumwa, na alikifanya kwa uaminifu kuliko wengi. Ubaya uko katika swali lenyewe. Neno kuridhika lina subira ndani yake. Kwetu, mtu aliyeridhika ni yule aliyepokea fungu lake akanyamaza. Unapomuuliza mama kama ameridhika, unamuuliza pia kama ana shukrani, kama ana adabu, kama anamjua Mungu. Na mama wa Bukavu ana vyote vitatu. Mwenye kuzoea kwamba maternite ni mahali pa kuzikwa, akitoka akiwa na mtoto mgongoni atakwambia amefurahi, na atakuwa anasema kweli. Furaha yake haikwambii kama mkunga alinawa mikono.

Wenzetu wa Tanzania walilipima jambo hili vizuri, na ningependa kila anayeandika ripoti za kuridhika alijue. Katika mkoa wa Tanga, miaka zaidi ya kumi iliyopita, watafiti waliwauliza wamama wapatao 1,779 wakati wanatoka katika vituo vinane: je, ulipigiwa kelele, ulipigwa, uliachwa peke yako, ulidharauliwa? Karibu 19 kati ya 100 walisema ndiyo, angalau jambo moja. Kisha watafiti wakawafuata baadhi yao, kama 593, nyumbani kwao wiki kadhaa baadaye, wakauliza tena. Sasa waliosema ndiyo walikuwa 28 kati ya 100. Vituo ni vilevile na wakunga ni walewale. Kilichobadilika ni kwamba mama sasa amekaa kwake, damu imekauka, muuguzi hayupo mlangoni, na amepata nafasi ya kufikiri juu ya yaliyompata. Uchunguzi mwingine mkubwa, uliochapishwa 2019, wa Ghana, Guinea, Myanmar na Nigeria, uliweka watu wa kuangalia ndani ya vyumba vya kuzalia. Walioangalia waliona ubaya kwa wamama 42 hivi kati ya 100. Wamama walipoulizwa wenyewe baadaye, waliosema ni 35. Kwa hiyo hata nyumbani kuna yanayobaki tumboni.

Na kuna namna ya kuuliza vizuri. Patience Afulani, mtafiti anayefanya kazi katika chuo kikuu kimoja cha California, alitengeneza pamoja na wenzake kipimo cha maswali 30 kilichojaribiwa Kenya na kutolewa 2017. Ninachokipenda ni kwamba hakiishii kukuuliza umeonaje. Kinauliza kilichotokea. Walijitambulisha kwako? Walikuita kwa jina lako? Waliomba ruhusa kabla ya kukupima? Walikueleza dawa hiyo ni ya nini? Waliruhusu mtu wako akae nawe? Kulikuwa na maji? Kulikuwa na umeme? Mama hahitaji kumhukumu mtu. Anasema tu taa iliwaka au haikuwaka. Hapo hata mama mkwe wangu, ambaye hawezi kamwe kusema vibaya juu ya muuguzi kwa sababu binamu yake ni muuguzi, angejibu.

Sasa nirudi kwenye kicheko cha wamama wa Nyamugo. Tulifanya jaribio dogo redioni, si utafiti, msinichukue vibaya. Mimi nilizungumza na wamama wanane, mwenzangu wa kike akazungumza na wamama wanane wa mtaa uleule. Kwangu walitoa shukrani, halafu wakalia upungufu wa dawa: maneno ya kutangazwa. Kwake walianza hivyohivyo, kisha akazima kinasa sauti, na yakaja mengine. Mmoja alisema alipokuwa akilia kwa uchungu aliambiwa: "Wakati ulikuwa unafurahi na bwana yako hukulia. Sasa unalilia nini?" Nilishangaa nilipoyasikia. Mwenzangu hakushangaa. Aliniambia kila mwanamke anayemjua ameyasikia maneno hayo au ndugu yake, tangu zamani, na kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijaambiwa. Kwa hiyo anayeuliza ni sehemu ya jibu. Mwanaume mwenye redio atapewa jibu la redio.

Jambo la pesa linahitaji nafasi yake.

Mke wa mdogo wangu alizaa kwa kupasuliwa, katika hospitali ambayo sitaitaja. Mtoto mzima, mama mzima, tunamshukuru daktari. Siku ya kuruhusiwa ilipofika hatukuwa na fakture yote. Akabaki. Kitanda kikapewa mwingine, yeye akahamia mkeka wa korido, pamoja na wengine wanne wenye kesi hiyohiyo. Walibaki pale siku tisa, na sisi huku tulikuwa tunazunguka kwa wajomba, kwa watu wa kwaya, kwa likelemba ya mama yangu. Siku ya tano alipita kijana mwenye karatasi za kuridhika na huduma. Shemeji yangu alimjua: ni yule wa kaisi, anayekuja kila asubuhi kuuliza kama familia imeleta kitu. Akamwekea alama ya vizuri sana kila mahali, kuanzia juu hadi chini. Alituambia jioni, akicheka, kwamba hata swali la chakula aliliwekea vizuri sana, na chakula tulikuwa tukimletea sisi.

Karatasi hiyo iko mahali fulani. Imehesabiwa. Inawezekana iko ndani ya namba aliyotusomea mgeni wa kipindi.

Kenya jambo hili lilifika mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua, katika kesi iliyohusu hospitali ya wazazi ya Pumwani, kwamba kuwazuia wamama kwa sababu hawajalipa ni kuvunja haki zao. Kwetu watu bado wanasema zuio la mgonjwa ni kawaida, kama mvua ya mwezi wa kumi na moja. Septemba 2023 serikali ilianzisha Kinshasa mpango wa uzazi wa bure, uliokusudiwa kuenea majimboni, na sisi wenyewe tuliutangaza. Neno bure lilipopanda mlima hadi huku, likapungua uzito. Mama anakwambia hakulipa kuzalishwa. Ukimuuliza ulitoka nyumbani na nini, anahesabu: glavu, wembe, sabuni, javeli, mshumaa, vitenge vitatu, na kitu kidogo cha yule aliyefagia. Fishi inayouliza "ulilipa?" itapata hapana. Anayetaka ukweli aulize uliingia na nini na ulitoka na nini.

Nimefika kwa wasomaji ambao hasa ninawaandikia, familia zilizohama, na hapa nina hasira kidogo.

Bukavu imepokea watu kwa awamu ambazo mtu anashindwa kuzihesabu. Mei 2023 maji na udongo viliangukia Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 walikufa, na waliobaki bila nyumba wengine walikuja kwa ndugu zao hapa. Vita ikateremka kutoka Masisi hadi Minova na Kalehe. Mwezi wa pili 2025 ikaingia mjini kwetu, na wengine waliokuwa wamehamia hapa wakahama tena, na wengine wa hapa wakawa wahami kwa mara ya kwanza. Benki zikafunga milango. Siasa yake naiachia wengine, mnanielewa. Nasema tu kwamba mimba haikungoja. Wamama walijifungua wakiwa kwa wenyeji, wamelala saba katika chumba, au wamekaa katika madarasa na makanisa.

Mama wa namna hiyo anaandikwaje katika rejista? Nilionyeshwa rejista moja. Mahali pa anwani pameandikwa jina la kanisa. Namba ya simu ni ya mwenye nyumba. Jina ni la bwana, kwa sababu aliyemleta ndiye aliyejibu. Wiki tatu baadaye amehamia Panzi kwa shangazi, halafu amerudi Kalehe kuangalia shamba, halafu hajulikani. Mtafutaji akija na fishi yake, anauliza kanisani, anaambiwa hapa walipita mia mbili. Anaandika: hakupatikana.

Katika ule utaratibu wa kulipa kwa hesabu, mgonjwa asiyepatikana ni jambo la shaka. Labda kituo kilimbuni ili kilipwe. Watu waliwaita wagonjwa hao mizimu, na kweli vilikuwepo vituo vilivyoandika mizimu, ndiyo maana kanuni iliwekwa. Lakini fikirini inakuwaje kwa kituo kinachopokea wahami wengi. Muuguzi mkuu mmoja, mtu mzima karibu na kustaafu, aliniambia: "Nikipokea mukimbizi, ninajua kwa karatasi iko kama mutu wa uongo." Kituo chake kilizalisha wamama wa watu kwa mshumaa, na kikaja kuonekana kama kinaiba. Jirani yake, aliyewaelekeza wahami mahali pengine kwa maneno matamu, alikuwa na rejista safi.

Na ndiyo maana, kila ninapoona ripoti inayosema wamama wameridhika, nauliza kwanza wangapi hawakupatikana, na walikuwa akina nani. Walioulizwa ni wenye mlango. Wasio na mlango ndio waliozalia sakafuni mara nyingi zaidi, na ndio wasio na mama mkwe wa kuketi kando na kusema habari ya sima.

Kuna jambo jingine ambalo wageni hawalioni. Mama aliyehama akiulizwa na mtu asiyemjua jina lake, kijiji alichotoka na idadi ya watoto wake, hasikii swali la afya. Ama ni karatasi ya msaada, na hapo atasema kile anachodhani kitamwingiza kwenye orodha. Ama ni karatasi ya hatari, na hapo atasema kidogo iwezekanavyo, au atasema yeye ni wa hapahapa Kadutu. Nimewaona wamama wakibadilisha kijiji katikati ya sentensi. Siwezi kuwalaumu. Katika miaka hii hata mimi nikiulizwa ninatoka wapi huwa namwangalia kwanza anayeuliza.

Lazima niseme na upande wa wakunga, kwa sababu watanipigia, na watakuwa na haki. Wengi wao hawana mshahara wa serikali. Wanafanya kazi miaka na miaka wakingoja namba, wanaishi kwa kile kituo kinachoingiza, na kituo kinaingiza kwa mama yuleyule asiye na pesa. Mkunga mmoja wa Bagira alinisimulia usiku wa kuzalisha wanne peke yake, tochi ya simu imeshikwa na mfagiaji, maji ya kuteka. "Nilipiga kelele, ndiyo. Nilikuwa naogopa." Sikubali kwamba woga unampa mtu ruhusa ya kumtukana mwanamke aliye katika uchungu. Mji huu, kuliko miji mingine, unajua kwamba namna mwanamke anavyopokelewa ni nusu ya dawa: hospitali ya Panzi, aliyoianzisha Dkt. Mukwege 1999 baada ya ile ya Lemera kushambuliwa Oktoba 1996, ilikusudiwa kwanza wamama wazae salama, na dunia ikaja kuijua kwa namna inavyowapokea waliojeruhiwa. Lakini kama tunamuuliza mama tu na hatumuulizi mkunga alikuwa na wamama wangapi usiku ule, tutamfukuza mkunga na kuacha tochi palepale.

Kwa hiyo nini? Mwenzangu wa kike alipata wazo, na sifa zote ni zake. Kuna siku ambayo wamama wote huja, mwenyeji na mhami, mwenye nyumba na asiye nayo: siku ya kilo, watoto wanapopimwa uzito. Hakuna anayehitaji anwani. Alizungumza na CODESA ya eneo moja la afya, na reko wawili wa kike, mmoja wao mhami kutoka upande wa Kalehe. Waliketi na wamama wenye watoto wa mwezi mmoja na nusu hivi, pembeni, mbali na meza ya muuguzi. Hawakuandika jina wala kijiji. Waliuliza kwa Kiswahili cha nyumbani, na kwa Mashi au Kihavu kwa anayetaka. Ulilala wapi usiku wa kwanza? Nani alikuwa nawe? Kuna mtu aliyekupigia kelele, alisemaje? Uliingia na vitu gani, ulitoka na deni gani? Kabla hujaenda nyumbani, kuna mtu aliyekuangalia damu? Na la mwisho: ukienda choo usiku, ilikuwaje?

Swali hilo la mwisho aliliongeza yule reko wa Kalehe. Sisi wengine hatukulifikiria. Mwenzangu alidhani litapoteza muda.

Ndilo lililojibiwa kuliko yote. Choo cha kituo kile kiko nyuma, chini ya ngazi kumi na moja za udongo, bila taa. Mama aliyeshonwa anateremka ngazi hizo gizani, ameshika ukuta, akiogopa kuanguka na kuogopa watu. Mmoja alisema alijizuia hadi asubuhi. Mwingine alisema alikataa kunywa uji ili asiende. Watatu walisema hiyo ndiyo sababu walitoroka alfajiri, kabla ya saa 24, na kituo kilikuwa kimewaandika kama watu wasiofuata mashauri. Walipoulizwa kama wameridhika, wote watatu walikuwa wamesema ndiyo.

CODESA ilichanga. Taa ndogo ya jua, ya aina inayouzwa Nyawera, imefungwa juu ya ngazi tangu mwezi uliopita, na mlinzi huishusha asubuhi ili isiibiwe. Wiki hii mwenzangu alirudi siku ya kilo. Wamama waliitaja taa bila kuulizwa. Halafu wakasema choo chenyewe hakina mlango, wamefunga kitenge, na sasa kwa sababu ya taa mtu akiwa ndani anaonekana. CODESA inatafuta fundi na mbao.

Siku ya kilo inayofuata katika eneo hilo ni Jumanne. Mama aliyejifungua mwaka huu, mwenyeji au aliyehama, anaweza kumkuta mwenzangu pale kuanzia saa mbili za asubuhi. Kinasa sauti kitakuwa kimezimwa.